Tahajia ya Kiingereza kwa watoto wa msingi: dalili, chanzo na dawa yake

Madaftari ya imla ya Kiingereza yana makosa yale yale, uyasahihishie Tukuyu, Mbalizi au Mafinga: "sikuli", "buku", "naif", "ticha". Mtoto aliyeandika hivyo hajazembea. Amefuata alichofundishwa alipojifunza kusoma: sikiliza sauti, kisha iandikie herufi yake. Kwenye Kiswahili kanuni hiyo haimwangushi, maana irabu tano zina sauti tano na karibu kila herufi inatamkwa. Kiingereza kina herufi 26 na sauti zipatazo 44, na kati ya hizo sauti za irabu zinakaribia 20. Herufi tano zimebebeshwa mzigo wa sauti ishirini, na hapo ndipo mtoto anapotea.

Kwa hiyo kabla ya kuweka alama ya kosa, lisome neno alilokosea kwa sauti, kana kwamba ni neno la Kiswahili. Mara nyingi utasikia kile alichosikia yeye, na chanzo kitajitokeza. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu ya kwanza ndiyo inayojitokeza zaidi. Usirukie ya mwisho kabla hujaziondoa za mwanzo, na kamwe usianze kwa kusema mtoto "hana akili ya Kiingereza".

Kwanza hakikisha amesikia

Nusu ya malalamiko ya tahajia ninayoyasikia kwa walimu yangeisha hapa. Darasa la mabati, mvua ya Rungwe inapiga, mwalimu anasoma maneno ya imla akiwa mbele, na watoto wa dawati la nyuma wanaandika wanachokisia. Kipimo ni chepesi: kabla hajaandika, mwambie alitamke neno ulilosema. Akilitamka vibaya, tatizo halijafika kwenye tahajia bado. Mvua ikianza, ahirisha imla, fanya kazi ya kadi au ya ubaoni.

Msimu wa baridi nao una lake. Makete, Njombe na Mufindi mwezi wa sita na wa saba, saa mbili asubuhi vidole vya mtoto ni vigumu, herufi zinatoka zimepinda na nyingine zinarukwa. Peleka imla saa nne, baada ya mapumziko na jua kidogo. Ukiona makosa yamepungua, hukuwa na tatizo la tahajia.

Na jambo ambalo walimu hatupendi kuambiana: kama mwalimu mwenyewe anatamka "ship" na "sheep" sawasawa, darasa zima litaandika sawasawa. Mwombe mwenzako asikilize maneno yako kumi kabla ya kuwalaumu watoto.

Dalili: "ten" inaandikwa "tin", "pen" inaandikwa "pin", "egg" inaandikwa "ijiji"

Ukiliona kosa hili, furahi, maana linatibika haraka kuliko yote. Sababu kubwa ni majina ya herufi. Herufi a kwa Kiingereza inaitwa "ei", e inaitwa "i", na i inaitwa "ai". Mtoto akitajiwa "ti, i, en" kwa ajili ya "ten", mkono wake unaandika alichosikia: t, i, n. Ametii kabisa. Kwa "egg" anaambiwa "i, ji, ji", naye anaandika silabi alizozifahamu tangu mwanzo: i-ji-ji.

Mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umeleta somo la Kiingereza tangu darasa la kwanza, kwa hiyo sasa mtoto anakutana na majina mawili ya herufi moja akiwa bado hajaizoea hata kwa jina la kwanza. Nyumbani hali huwa nzito zaidi: mama anakoroga ugali huku anamtajia mtoto herufi za neno, nyingine kwa Kiswahili, nyingine kwa Kiingereza, ndani ya neno lile lile.

Cha kukagua: mpe maneno matano kwa kumtajia herufi, kisha matano mengine kwa kuyatamka tu. Akikosea irabu kwenye yale ya kutajiwa peke yake, umeshapata chanzo.

Cha kufanya: acha kabisa kumtajia herufi kwa wiki mbili hivi. Akikuuliza "mwalimu, linaandikwaje?", mwandikie kwenye kipande cha karatasi, alitazame, akugeuzie karatasi, aandike mwenyewe. Wakati huo huo fundisha majina ya zile irabu tano tu, si alfabeti nzima: "ei, i, ai, ou, yu". Onyesha herufi, wao waitaje, kisha taja wewe, wao waandike. Dakika tano kila asubuhi zinatosha. Ukimaliza irabu, ongeza g na j, maana g inaitwa "ji" na j inaitwa "jei", nazo huwachanganya hata wa darasa la sita.

Dalili: anaongeza irabu: "buku", "desiki", "miliki", "gilasi"

Silabi za Kiswahili huishia na irabu, na maneno tuliyoyakopa tumeyavika irabu ya mwisho: kabati, benki, blanketi. Mtoto anaendeleza mtindo huo. Mara chache sababu ni mwalimu anayefundisha sauti za konsonanti kwa kuzivutia irabu, yaani "bu", "ku", "du", badala ya sauti fupi iliyokatwa.

Kagua kwa kumpigisha makofi. "Desk" ni kofi moja. Akipiga matatu, de-si-ki, ameshakuonyesha. Mfundishe kukata: ashike koo lake kwa kiganja, aseme "desk" bila koo kutetemeka mwishoni. Kisha mpe maneno ya kofi moja, "milk", "hand", "lamp", "desk", "nest", ayaseme kabla ya kuyaandika. Kosa hili likibaki hadi darasa la tano, huwa limebaki mdomoni, si kwenye kalamu, basi rudi mdomoni.

Dalili: "cat", "cut" na "cart" ni neno moja kwake

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na hapa ndipo wengi tunakata tamaa mapema.

Kiswahili kina a moja. Sikio la mtoto limezoezwa tangu utotoni kuzipuuza tofauti zilizo ndani ya a hiyo, na Kiingereza kinamtaka azisikie upya. Ni vivyo hivyo kwa "ship" na "sheep", "full" na "fool", "bed" na "bad".

Usianze na kalamu. Andika maneno matatu kwenye kadi za boksi, ziweke mezani, tamka moja, yeye aguse kadi. Fanya mara kumi. Akigusa kwa kubahatisha, huna haja ya kumpa imla leo, sikio lake halijazitenga sauti hizo, na kumpa alama sifuri hakutalitengenezea njia.

Dawa ni kuonyesha mdomo. "Cat": taya linashuka, midomo inavutwa kando kidogo, sauti iko katikati ya a na e. "Cut": mdomo nusu wazi, sauti fupi, inakatwa. "Cart": sauti ndefu kama aa ya "kaa". Kwa "sheep" wavute tabasamu na sauti ivutwe, kwa "ship" iwe fupi na legevu. Watoto wanapenda kutazamana midomo wawili wawili, na darasa lenye watoto sabini linaweza kufanya hivyo bila kifaa chochote.

Baada ya sikio, ndipo tahajia. Sauti ndefu ya i ina njia nyingi za kuandikwa, ila mbili ndizo za kuanza nazo: ee na ea. Zifundishe kwa familia, kila moja siku yake. Upande wa ea una maneno ya kwetu: tea, leaf, bean, eat, meat, seat. Mtoto wa Mufindi au Rungwe anayeyaona mashamba ya chai kila siku hana shida kuyakumbuka matatu ya kwanza. Upande wa ee: tree, green, sheep, week, feed. Usiziweke familia mbili kwenye imla moja mpaka kila moja imekaa, hata kama kitabu kimezichanganya.

Kuna sauti nyingine ya irabu inayosumbua, ile ya mwisho wa "teacher", "doctor" na "sugar". Kwa mtoto zote zinaishia na a, ndiyo maana ya "ticha", "dokta", "shuga". Sikio halitamsaidia hapa, maana kweli zinafanana. Mwambie waziwazi kwamba zinafanana, kisha mpe mpangilio: nyingi zinaishia -er (teacher, water, sister, farmer, paper), chache -or (doctor, tailor, visitor), chache zaidi -ar (sugar, dollar). Akiwa na shaka aandike -er.

Dalili: "kit" na "kite", "hop" na "hope" zinachanganyikana

E ya mwisho haitamkwi, lakini inaibadilisha irabu iliyo kabla yake isomwe kwa jina lake: mat na mate, kit na kite, hop na hope, cub na cube. Mtoto aliyezoea Kiswahili anaisoma e hiyo, kwa hiyo "mate" kwake ni mate ya mdomoni na "pole" ni pole ya mgonjwa. Andika neno bila e, walisome. Weka kidole chenye chaki mwisho wa neno, ongeza e, walisome tena. Jozi nne kwa siku zinatosha.

Ukishamaliza hapo, ndipo uingie "hopping" na "hoping". Neno fupi lenye irabu moja na konsonanti moja mwishoni linarudufu konsonanti: sit, sitting, run, running, hop, hopping. Lenye e linaiacha e: hope, hoping, make, making. Kuna maneno yasiyofuata kanuni hii, yaache kwanza.

Dalili: l na r zinabadilishana

"Lice" inakuwa "rice", "pray" inakuwa "play". Lugha nyingi za nyumbani huku kwetu hazizitenganishi sauti hizi mbili. Kinyakyusa, kwa mfano, hakina r. Sikiliza Kiswahili chake kwanza. Akisema "habali" au "kurara", mzizi ni mmoja, na kuutibu kwenye Kiswahili kutamsaidia kwenye Kiingereza.

Ncha ya ulimi: kwa l inagusa na kukaa nyuma ya meno ya juu. Kwa r ya Kiingereza ulimi unajikunja nyuma kidogo bila kugusa. Zoezi la sentensi hushika kuliko la maneno matupu: "The cow eats grass, not glass." Wachoree ng'ombe, nyasi na bilauri.

Tafadhali usimcheke mtoto kwa lugha ya bibi yake. Mtoto aliyechekwa mbele ya wenzake kwa sababu ya r hunyamaza, na asiyesema hatajifunza kuandika.

Th iko jirani na tatizo hili. Anayesema "selasini" na "zahabu" ataandika "sink" kwa "think" na "zis" kwa "this". Ulimi utoke kidogo katikati ya meno. Kwa kuwa the, this, that, they, there na with yanarudi kila ukurasa, yabandike ukutani yazoeleke kwa macho wakati ulimi unaendelea kujifunza.

Dalili: "naif", "nait", "rait", "wensdei"

Herufi zisizotamkwa. Wa darasa la tano na kuendelea waeleze ukweli, wanauthamini: zamani Waingereza waliitamka k ya "knife" na gh ya "night". William Caxton alileta uchapaji wa vitabu Uingereza mwaka 1476, tahajia ikaanza kuganda kwenye karatasi, huku midomo ya watu ikiendelea kubadilika. Mtoto akijua herufi ilikuwa na kazi, anaacha kuiona kama mtego aliowekewa yeye.

Wadogo wape matamshi ya siri: kichwani waseme "k-nife", "Wed-nes-day", kinywani waseme kawaida. Halafu wape familia: knife, know, knee, write, wrong, night, light, right, fight. Mtoto mwenye "night" ameshapata tatu nyingine.

Ukikuta "color" au "center", huyo hajakosea kwa kutojua. Ameviona kwenye simu. Ni tahajia ya Marekani, iliyoenezwa na kamusi ya Noah Webster ya 1828. Shule zetu zinafuata ya Uingereza: colour, centre. Mwandikie pembeni ile ya shuleni, basi.

Dalili: Ijumaa kumi kwa kumi, Jumatatu amesahau yote

Hili wazazi wa shule za mchepuo wa Kiingereza hulileta kila muhula, tena kwa uchungu, maana wamelipa ada.

Sababu ya kwanza: amekariri mfuatano wa herufi kwa usiku mmoja, bila mpangilio wowote wa kushikilia. Orodha ya maneno ishirini yasiyohusiana, "elephant, because, Tuesday, kitchen", haina cha kumfundisha. Punguza hadi sita yenye mpangilio mmoja.

Sababu ya pili: ananakili, haandiki. Kaa kando yake anapoandika "potato" kutoka ubaoni, uhesabu anavyonyanyua kichwa. Akinyanyua mara sita, anachora herufi sita. Akinyanyua mara moja au mbili, amelibeba neno. Mfundishe hatua hizi: tazama, sema, funika, andika, kagua. Hatua ya kufunika ndiyo yenye kazi yote, nayo ndiyo watoto huiruka, kwa hiyo simama hapo ulipo uione ikifanyika.

Sababu ya tatu: neno halirudiwi. Lirudi kesho yake, lirudi baada ya siku tatu, lirudi wiki ijayo, safari hii ndani ya sentensi. Mtoto aliyekosa siku ya gulio au wiki ya kuchimba viazi apewe orodha ileile, asirushwe.

Sababu ya nne ni fimbo. Mtoto anayepigwa kwa kila kosa anajifunza kuepuka maneno. Soma insha yake: kama alitaka kuandika "beautiful" akaishia kuandika "good" kila mahali, ujue anaogopa. Sahihisha mpangilio mmoja tu kwa insha moja, mengine yaache yapite kwa leo. Na mpe vema kwa sehemu aliyopatia: kwenye "nite" amepatia n, amepatia sauti, na ameikumbuka e ya mwisho.

Dalili: b na d, p na q zinageuka

Darasa la kwanza na la pili ni kawaida, usihangaike. Fundisha b peke yake mpaka ikae, d ije wiki kadhaa baadaye. Aandike hewani kwa mkono mzima, aandike kwenye vumbi, kisha daftarini: b inaanza na mstari wa juu, d inaanza na duara. Kugeuza herufi kukiendelea darasa la tatu na kuendelea, soma sehemu inayofuata.

Hapa simama, mwite mtaalamu

Yote ya juu ni kazi ya mwalimu na mzazi. Haya siyo.

Masikio: anageuza upande mmoja kusikiliza, anatazama midomo yako kila mara, hajibu ukimwita kutoka nyuma, au sikio linatoa usaha. Kituo cha afya, wiki hiyo hiyo. Usimwekee mafuta wala kitu chochote sikioni.

Macho: anakunja uso kutazama ubao, anasogeza daftari puani, anaumwa kichwa kila baada ya kusoma. Mhamishie mbele leo, na apimwe macho hospitali ya wilaya au ya rufaa.

Kuduwaa: anakata kauli katikati ya sentensi, macho yanakazia sekunde kadhaa, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea. Walimu humwita mtoto huyu mwota ndoto. Inaweza kuwa aina ya kifafa, nayo ina dawa. Na mtoto aliyekuwa anaandika vizuri akapoteza uwezo ghafla, hasa akiumwa kichwa au kutapika, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Hofu: kushuka ghafla pamoja na kunyamaza, kulia au kukataa kurudi nyumbani. Hapo mhusika ni afisa ustawi wa jamii, na namba 116 ya huduma kwa watoto hupigwa bure.

Disleksia: anafahamu ukimsimulia, anajibu vizuri kwa mdomo, hesabu anajitahidi, lakini kusoma na kuandika kumegoma kwa Kiswahili pia, hata baada ya miezi ya msaada wa karibu. Neno "pia" ndilo muhimu. Anayeandika Kiswahili safi na kukwama kwenye Kiingereza pekee, karibu kila mara tatizo lake limo kwenye dalili za juu. Anayekwama kwenye zote mbili anahitaji mwalimu wa elimu maalumu. Mwone mwalimu mkuu, naye awasiliane na ofisi ya elimu maalumu ya halmashauri. Usimpe mtoto jina la ugonjwa wewe mwenyewe, wala usimrudishe darasa kama dawa.

Unapompeleka kwa yeyote kati ya hao, beba madaftari yake ya muhula huu na uliopita, ya Kiswahili na ya Kiingereza, bila kuyafuta wala kuyanakili upya. Andika tarehe ulizoanza kuona tatizo na ulichokwisha kujaribu.